Kaburi la Vergina ni la nani?

Tarehe 8 Novemba 1977, mwanaakiolojia Manolis Andronikos aliteremka kwa ngazi ndani ya kaburi ambalo halikuwa limekanyagwa kwa zaidi ya miaka 2,200. Aliingilia juu, baada ya kung'olewa jiwe moja la paa la tao, njia ileile waipendayo wezi wa makaburi. Wezi wenyewe, kwa bahati, hawakuwahi kufika.

Hapo ni Vergina, kijiji cha kaskazini mwa Ugiriki. Kaburi lilikuwa chini ya kilima, na kilima chenyewe, chenye kipenyo cha mita 110 hivi na kimo cha mita 12, kilirundikwa kwa mikono ya watu. Kilichomtia hamu Andronikos ni takataka zilizomo kwenye udongo wake: vipande vya mawe ya makaburi yaliyovunjwavunjwa. Mwandishi wa kale Plutarch anasimulia kwamba mamluki Wagalatia wa Mfalme Pyrrhus waliyapora makaburi ya wafalme wa Makedonia huko Aigai, katika miaka ya 270 K.K. Andronikos akaunganisha mambo: huenda kilima kilirundikwa baada ya uporaji ule ili kuyafunika makaburi yaliyosalimika. Kama ni hivyo, Vergina ndiyo Aigai, jambo ambalo mwanahistoria Mwingereza Nicholas Hammond alikwishalidai tangu 1968.

Chumba cha ndani kilikuwa na sanduku la marumaru, na ndani yake sanduku la dhahabu lenye nyota ya miale 16 kifunikoni. Humo mlikuwa na mifupa ya mwanamume iliyochomwa na shada la majani ya mwaloni la dhahabu. Chumba cha mbele nacho kilikuwa na sanduku jingine la dhahabu, lenye mifupa ya mwanamke. (Nyota ile baadaye ilizua ugomvi wa kidiplomasia: jirani wa Ugiriki aliiweka kwenye bendera yake 1992, akaiondoa 1995.)

Ila jina halikuandikwa popote. Andronikos alitangaza kwamba ni Philip II, baba yake Alexander Mkuu, aliyeuawa hapohapo Aigai mwaka 336 K.K., kwenye sherehe za harusi ya binti yake. Wapinzani wakamtaja Philip III Arrhidaeus, nduguye Alexander kwa baba, aliyeuawa 317 K.K.

Dhahabu haiamui kesi hii, maana wote wawili walikuwa wafalme. Mifupa ina la kusema. Arrhidaeus alizikwa kwanza, kisha akazikwa upya kifalme huko Aigai, kwa hiyo mifupa yake ingechomwa ikiwa mikavu. Mfupa uliochomwa ukiwa bado na nyama hujikunja na kupasuka kwa namna yake, na wataalamu wamebishana miaka mingi kama mifupa hii ilijikunja hivyo au la. Mwaka 2015 wengine walimhamishia Philip kwenye kaburi la jirani, lenye mtu aliyekuwa na goti bovu, kwa kuwa Philip alijulikana kuwa kilema. Vipimo vilivyochapishwa 2025 vikampa mtu huyo umri wa ujana, na kumweka kabla ya kifo cha Philip.

Mimi naegemea upande wa Andronikos, na sababu yangu imo kwenye chumba cha mbele. Pale palikuwa na podo la dhahabu la mtindo wa Waskiti, na jozi ya vikinga muundi vya vita ambavyo havilingani: cha kushoto ni kifupi kwa sentimita 3 na kitu. Uchunguzi wa mifupa ya mwanamke yule ulionyesha kwamba mguu wake wa kushoto uliwahi kuvunjika karibu na goti, ukafupika. Basi silaha zile zilikuwa zake, naye alikufa akiwa na miaka kama 30 na kitu. Eurydice, mke wa Arrhidaeus aliyezikwa pamoja naye, alikufa hajafika hata miaka 25. Anayetaka kumweka Arrhidaeus kaburini humo aanze kwa kutueleza mwanamke huyu ni nani.