Sukuni Tumboni: Umri, Bakteria na Jeni Zilizonyamazishwa

Seli za juu za utando wa tumbo la chakula hazikai. Huzaliwa, hufanya kazi siku 3 hadi 5, hufa, kisha huteremka na chakula. Kwa hesabu hiyo, utando wa tumbo la mzee wa miaka 70 ni mpya kuliko kanzu aliyoivaa. Mbona basi tumbo lake linazeeka? Na mbona bakteria aliyemwingia utotoni na kufukuzwa kwa dawa ukubwani bado ana athari pale?

Ukutaka jibu, shuka chini ya utando, ndani ya vitezi vidogo vinavyouchimba ukuta wa tumbo. Humo zimo seli shina. Hizi haziondoki. Zinabaki miaka nenda miaka rudi, zikigawanyika na kuleta seli mpya za kupanda juu. Kinachoiharibu seli shina hurithiwa na kizazi chake chote.

Uharibifu ninaouzungumzia hauvunji jeni. Waliosoma chuoni wanaikumbuka sukuni, kile kiduara kinachokaa juu ya herufi kumwambia msomaji asiitie irabu. Herufi haikufutwa. Ipo palepale, ila imetulizwa. Seli nazo zina sukuni yao. DNA imeandikwa kwa herufi 4, yaani A, C, G na T, na juu ya herufi C seli inaweza kupachika kundi la methili, chembe 1 ya kaboni na 3 za hidrojeni. Mwanzoni mwa zaidi ya nusu ya jeni zetu kuna eneo ambapo C na G hufuatana kwa wingi. Kwa kawaida eneo hilo huwa tupu. Likijaa methili, jeni hunyamaza. Elimu ya alama za namna hii, zinazobadilisha usomaji pasipo kugusa maandishi, ndiyo epijenetiki.

Seli ikigawanyika, DNA hunakiliwa na alama zake pia hunakiliwa, kama vile anayenakili msahafu asivyoacha irabu nyuma. Mnakili huyu ni kimeng'enya, na baada ya maelfu ya nakala hukosea: sukuni moja huangukia mahali pasipostahili, nyingine husahauliwa. Mwaka 1994 Jean-Pierre Issa na wenzake walionyesha jambo hili kwenye utumbo mpana. Jeni ya kipokezi cha homoni ya estrojeni hujaa methili kadiri umri unavyosonga, hata kwa watu wasio na ugonjwa wowote. Tumbo la chakula nalo lina jeni zinazofuata njia hiyo. Huo ndio mwendo wa umri: wa taratibu, na haumwachi mtu.

Mwendo wa bakteria ni mwingine kabisa. Helicobacter pylori alitambuliwa mjini Perth, Australia, na Barry Marshall na Robin Warren mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati madaktari wengi wakiamini hakuna kijidudu kinachoweza kuishi katika asidi ya tumbo. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Mwaka 2005 Marshall na Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Wengi wetu Afrika Mashariki humpata tukiwa watoto, nyumbani, kutoka kwa wale tunaokula na kulala nao. Asipotibiwa, hukaa maisha yote.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu wa miaka 50 aliyeambukizwa akiwa na miaka 5 ana miaka 45 ya bakteria. Ukikuta methili nyingi tumboni mwake, utajuaje ni za umri au ni za mgeni? Toshikazu Ushijima na wenzake wa Japani walipima utando wa tumbo wa watu wenye afya, walioambukizwa na wasioambukizwa, na mwaka 2006 wakatoa matokeo. Kwenye maeneo waliyoyachunguza, methili za walioambukizwa zilikuwa nyingi mara 5.4 hadi 303 kuliko za wenzao. Umri peke yake haufanyi hivyo.

Kundi hilohilo likauliza swali ninaloliona bora kuliko yote katika jambo hili: ni bakteria mwenyewe anayeandika, au ni mwili unaopigana naye? Waliambukiza panya wa jangwani wa Mongolia, kisha wakawapa baadhi yao siklosporini, dawa inayozima kinga. Bakteria walibaki tele. Mchochota, yaani mwako unaowashwa na kinga ikipigana na bakteria, ukatulia, na methili nazo zikazuilika. Kumbe kalamu imeshikwa na mchochota. Hata hivyo si mchochota wowote. Panya waliochokozwa tumbo kwa chumvi nyingi au kwa alkoholi kali, seli zao ziligawanyika kwa kasi, lakini methili hazikuongezeka hivyo.

Mwaka 2020 wakaonyesha sababu. Seli zetu zina vimeng'enya vya TET, ambavyo kazi yake ni kuondoa methili zilizopotea njia. Ishara za mchochota sugu huvipunguza. Wakati huohuo gesi ya nitriki oksaidi, inayotolewa kwenye mapambano hayo, huvichochea vimeng'enya vinavyopachika. Anayefuta amezuiwa, anayeandika amehimizwa. Miongoni mwa jeni zinazonyamazishwa ni CDH1, inayotengeneza gundi ya kushikamanisha seli. Seli zisiposhikamana, njia ya saratani imefunguka.

Nisieleweke vibaya. Kati ya watu 100 wenye bakteria huyu, wanaofikia saratani ya tumbo ni kama 1 hadi 3. Lakini inaniuma kuona mtu akinunua dawa za kupunguza asidi mwaka hadi mwaka kwa sababu "ana vidonda", bila kupimwa hata siku moja. Kiungulia kinapoa, naye bakteria yupo, na mchochota unaendelea kuandika. Kipimo cha pumzi au cha kinyesi humwonyesha. Mwambie daktari kama unatumia omeprazole, mojawapo ya dawa hizo za kupunguza asidi, maana ukiitumia ndani ya wiki 2 kabla ya kipimo unaweza kuambiwa huna kumbe unaye. Tiba ni antibiotiki 2 au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Anayeacha siku ya sita kwa kuwa amepata nafuu humwachia bakteria nafasi ya kuwa sugu.

Bakteria akiondoka, methili hupungua. Zile za seli za juu huenda na seli zenyewe. Zilizoandikwa kwenye seli shina hubaki. Ndiyo maana mwenye miaka 25 anayetibiwa leo na mwenye miaka 65 anayetibiwa leo wanaweza kumeza vidonge vilevile, wakatoka na matumbo tofauti.

Masalia hayo yanapimika. Nchini Japani wagonjwa 826 waliotolewa saratani changa ya tumbo kwa endoskopi walipimwa methili, kisha wakafuatiliwa miaka kadhaa. Robo yenye methili nyingi zaidi ilikuwa na hatari ya kupata saratani nyingine mara 2 hivi kuliko robo yenye methili chache. Nyama ya kupima haikukatwa kwenye uvimbe. Ilichukuliwa upande mwingine wa tumbo, mahali pasipo na saratani yoyote.