Hedseti ya Kompyuta Ikikataa Wakati Unaongea na Daktari wa Mbali

Siku hizi baadhi yetu tunapewa miadi ya kuongea na daktari au mshauri nasaha kupitia kompyuta, naye yuko mji mwingine au hata nchi nyingine. Miadi hiyo husubiriwa muda mrefu. Siku yenyewe ikifika unavaa hedseti, unasema "haloo" mara kumi, na daktari anatikisa kichwa tu. Dakika zinakwisha. Wengi wanatoka wakisema mashine ni mbovu, na mara nyingi si mbovu. Ukijua sauti inapita wapi, unaweza kumsaidia mhudumu wa chumba kuirudisha kabla zamu yako haijaisha.

Je, kompyuta yenyewe iko wapi?

Kile kisanduku kidogo cha mezani si kompyuta unayoitumia. Ni dirisha tu. Kompyuta yenye programu na faili iko mbali, ndani ya seva, na picha ya skrini yake ndiyo inaletwa hapa kwa mtandao. Ukibofya kipanya, mbofyo unasafiri kwenda huko na picha mpya inarudi. Mpango huu una faida yake: kisanduku hutumia umeme kidogo, na hata kikiibiwa, habari za wagonjwa zinabaki kwenye seva.

Shida huja kwenye hedseti. Hedseti ya USB ina kifaa chake cha sauti ndani, kwa hiyo kompyuta lazima iitambue kwanza. Na hapa mashine ni mbili: kisanduku cha mezani kiitambue, halafu ile ya mbali nayo ijue kwamba ipo. Basi usianze kubofya ovyo. Jiulize: imekatika upande gani?

Anza na upande wa hapa. Tazama kitufe kidogo kwenye waya wa hedseti, kile cha kuzima maikrofoni. Kinaguswa na mkono au kinakwama kwenye nguo bila mtu kujua, na kinawasumbua watu. Kisha chomoa, pangusa vumbi, uchomeke kwenye tundu jingine la kisanduku chenyewe, si kwenye kigawanyio. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa umeme usiozidi miliampea 500, na kigawanyio kisicho na chaja yake kinaugawa huo huo kwa kipanya, kibodi na kila kilichochomekwa. Hedseti ikipungukiwa huwaka na kuzimika. Kama bado kimya, jaribu hedseti ya meza ya jirani. Ikifanya kazi, umeshajua kwamba yako ndiyo mbovu.

Kama hapa ni salama lakini daktari hakusikii, shida iko kwenye njia ya kwenda mbali. Jambo la kwanza ni utaratibu: hedseti ichomekwe kabla ya kuingia. Ukiichomeka baadaye, mara nyingi mashine ya mbali haiioni. Katisha muunganisho, hakikisha hedseti imechomekwa, kisha ingia upya. Fahamu kwamba kufunga dirisha si sawa na kutoka kabisa. Ukifunga dirisha tu, kazi yako inaendelea kule mbali kama ilivyokuwa. Ikibaki vilevile baada ya kuunganisha tena, toka kabisa kwa jina lako ndipo uingie.

Unamsikia lakini yeye hakusikii?

Hii ina sababu yake. Katika programu ya Microsoft ya kuunganisha kompyuta ya mbali, kusikiliza na kurekodi ni mipangilio miwili tofauti, na ile ya kurekodi kwa kawaida huwa imefungwa. Mhudumu aifungue kabla ya kuunganisha, kwenye sehemu ya vifaa vya hapa, achague sauti irekodiwe kutoka kompyuta hii. Kisha ndani ya programu ya kupiga simu chagua maikrofoni. Usishangae usipoona jina la kiwanda kilichotengeneza hedseti. Litaonekana jina linalosema ni sauti ya mbali, na ndilo sahihi. Ikiwa msimamizi wa seva amezuia maikrofoni kule kwake, hakuna kitu cha kubofya hapa. Apigiwe simu.

Kuna pia njia ya pili, ya kuikabidhi hedseti nzima kwa mashine ya mbali kana kwamba imechomekwa kule. Inavutia, lakini mimi siipendi kwa mtandao wetu. Hedseti hutuma vipande vya sauti kila milisekunde 1, na kipande kikipotea hakitumwi tena, hivyo mtandao ukiyumba sauti hukatikakatika kama redio yenye betri kuukuu. Tena ukishaikabidhi, inapotea kwenye kisanduku cha mezani, na mtu anadhani imekufa. Kwa maongezi, ni afadhali sauti tu ndiyo ipelekwe. Njia zote mbili zisiwashwe pamoja.

Kuchelewa kwa sauti ni jambo jingine na si ubovu. Kama kituo kinatumia setelaiti zile za juu kabisa, ziko kilomita 35,786 kutoka ardhini. Swali na jibu, kwenda na kurudi, huchukua karibu nusu sekunde kwa safari tu. Sema sentensi moja, nyamaza, subiri. Mkiwa na mkalimani ni muhimu zaidi, maana mkiongea watatu kwa pamoja hakuna atakayeelewa. Mtandao ukiwa mzito, ombeni picha izimwe, sauti ibaki.

Sauti ikiwa ndogo, usikimbilie kuongeza tu. Vidhibiti ni vitatu: cha waya, cha kisanduku, na cha mashine ya mbali. Kimoja kikiwa chini na vingine vimepandishwa mpaka mwisho, kile cha chini kikifunguliwa utapigwa na kelele sikioni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75. Kabla ya kuvaa, sifongo zifutwe kwa spiriti, zikauke. Mwenye usaha sikioni amwambie mhudumu asiivae upande huo, na apitie kwa mganga siku hiyo hiyo.

Sasa sikiliza hili vizuri. Hedseti ikikataa kabisa, usikubali kuongea kwa spika ya wazi huku watu wengine wapo chumbani. Mama anayeeleza aliyotendewa njiani, au kijana anayeuliza majibu ya kipimo, hawezi kusema ukweli mbele ya jirani wa kijiji chake. Una haki ya kuomba chumba kitolewe watu, au utumie simu ya mkononi, au upewe tarehe nyingine. Ukiomba tarehe nyingine, iandikwe kwenye kadi yako kabla hujaondoka, pamoja na namba ya meza na kilichotokea: husikii, husikiki, au sauti inakatika. Na ile hedseti mbovu apewe mhudumu mkononi, isirudishwe kapuni pamoja na nzima.