Baraza la Wavu Nyumbani: Pima Kwanza Ndipo Utume Hela

Wengi wetu baraza la wavu tulilionea kazini. Ndugu zetu mlioko Florida mnalijua vizuri: nyumba nyingi kule zina sehemu ya nyuma iliyoezekwa na kuzungushiwa wavu, wenyewe wanaiita lanai, neno lililotoka Hawaii. Mzee unayemhudumia anakaa pale jioni, upepo unapita, mbu wako nje wanahangaika. Ukimaliza zamu unajiambia moyoni: hiki kitu lazima nimjengee mama.

Wazo ni zuri. Sisi pia tulikuwa nalo, na hela tukatuma. Leo tunaeleza yaliyotokea, ili wewe unayejinyima Muscat, Doha au Sharjah usirudie kosa letu.

Jiwe la Pangani

Mmoja wetu anafanya kazi za ndani Muscat na mama yake yuko Pangani, mkoa wa Tanga. Aliweka akiba karibu mwaka mzima, akatuma, fundi akazungushia baraza lote wavu kuanzia sakafuni mpaka darini. Picha za WhatsApp zilipendeza kweli.

Aliporudi likizo akakuta mlango wa wavu umeegemezwa jiwe, uko wazi mchana kutwa. Kumbe mama anauza vitumbua palepale barazani kila asubuhi. Wateja walizoea kupita, kunyoosha mkono, kulipa na kuondoka. Sasa ikabidi wabishe hodi, wafunguliwe, wengine wakaona tabu wakapitiliza. Mama hakutaka kumvunja moyo mwanawe, akanyamaza, akatafuta jiwe. Huku chini mbuzi wa jirani walishautoboa wavu. Na chumbani anakolala mama hakukuwa na dirisha hata moja lenye wavu, maana hela yote iliishia nje.

Ndiyo maana tunasema hivi: wavu ni kitu cha maana sana, lakini wavu wa barazani ni wa mwisho kwenye orodha, sio wa kwanza.

Mbu anakuja saa ngapi?

Mbu wa malaria, yaani anofelesi, anauma kuanzia giza linapoingia mpaka alfajiri, na kazi yake kubwa anaifanya usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Saa hizo mama hayuko barazani, yuko kitandani. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni chandarua, ya pili ni madirisha na milango ya chumba, ya tatu ni ule uwazi kati ya ukuta na paa. Watu wengi wanausahau uwazi huo, na mbu anaupenda kuliko dirisha.

Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Gambia. Nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa uwazi wa juu ziliingiwa na mbu wachache kuliko nusu ya wale wa nyumba za kawaida. Zile zilizowekewa dari la wavu peke yake zilipunguza karibu nusu. Watoto wenye upungufu wa damu nao walikuwa wachache zaidi katika nyumba zenye wavu. Angalia vizuri: hayo yote ni madirisha, milango na dari. Baraza halikuhusika.

Sasa kuna mbu mwingine, aedesi, anayeeneza homa ya dengi. Huyu anauma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Waliokuwa na ndugu Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019 wanakumbuka dengi ilivyosumbua. Hapa baraza la wavu linasaidia kweli, maana saa hizo ndizo watu wanakaa nje. Ila mbu huyu anazaliana kwenye maji yaliyotuama: mapipa, ndoo, matairi, vifuu. Ukizungushia wavu halafu pipa la maji lisilo na mfuniko likabaki ndani ya baraza, umemfuga mbu ndani pamoja na bibi na wajukuu.

Faida zake

Tusiwe wa kulaumu tu. Baraza la wavu likijengwa vizuri linampa mzee mahali pa kupumzikia jioni bila kujipigapiga miguu. Mtoto anayetambaa anacheza bila nzi kumtua usoni. Chakula kinaandaliwa na kuliwa pasipo nzi. Kwa nyumba ndogo yenye watu wengi, unapata kama chumba cha ziada bila kujenga kuta nne. Na ukilinganisha na kiyoyozi, wavu hauli umeme.

Hasara ambazo fundi hakuambii

Kwanza, wavu unapunguza upepo. Matundu yakiwa madogo zaidi, upepo unapungua zaidi, na wavu ukishika vumbi ndo kabisa. Wale mabosi wa Florida joto likizidi wanaingia ndani kwenye kiyoyozi. Mama yako hana pa kuingilia. Upepo wa barazani ndicho kiyoyozi chake.

Pili, chumvi ya bahari. Wavu wa waya wa kawaida pwani unaota kutu upesi. Wa faibaglasi haushiki kutu, lakini unachanika kwa kucha za paka, pembe za mbuzi na mipira ya watoto, na moto unauharibu mara moja. Jiko la mkaa likae mbali nao. Wa alumini ni mgumu kidogo, ila ukibonyea haurudi. Stenlesi ndiyo imara zaidi, na kwa nyumba ya karibu na bahari ulizia daraja la 316, lakini bei yake inauma.

Tatu, wavu hauzuii mwizi. Kisu kimoja tu, kwisha. Ukiongeza grili gharama inapanda, na lazima ujue ufunguo unakaa wapi usiku, kila mtu wa nyumba aweze kutoka haraka moto ukitokea.

Nne, baraza lina kazi yake. Pale ndipo salamu zinapopokelewa, kahawa inanywewa, jirani anakaa bila kuitwa, biashara ndogo inafanyika. Ukilifunga, unaweza kumkinga mzee na mbu ukamtenga na watu.

Hesabu ya mita

Chukua kalamu. Tuseme baraza lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 2.5, pande tatu ziko wazi. Jumla ya mzunguko ni mita 9. Kimo kikiwa mita 2.4, unahitaji mita za mraba 21.6 za wavu.

Sasa geukia madirisha. Nyumba yenye madirisha sita, kila moja mita 1.2 kwa 1.2, inahitaji mita za mraba 8.64 tu. Umeona? Madirisha ya nyumba nzima hayafiki hata nusu ya wavu wa baraza moja.

Kuna njia ya kati. Ukijenga ukuta mfupi wa sentimita 90 kuzunguka baraza, wavu unaanzia juu yake, kimo kinabaki mita 1.5, na unahitaji mita za mraba 13.5 ukitoa hesabu ya mlango. Mbuzi na watoto hawaufikii kirahisi. Jumlisha na ya madirisha unapata 22.14. Yaani kwa wavu unaokaribiana na ule wa baraza peke yake, umepata madirisha yote pamoja na baraza. Matofali na saruji vina gharama yake, ndiyo, lakini ukuta hauchaniki.

Mwambie fundi hivi

Usiseme "niwekee wavu" ukaishia hapo. Taja aina na tundu. Kipimo cha kawaida cha kuzuia mbu ni matundu 18 kwa 16 kwenye inchi moja. Wavu wa matundu mapana unazuia nzi na majani, mbu anapita kama mgeni wa heshima.

Uliza upana wa roli dukani kabla nguzo hazijasimamishwa, ili kila nafasi iingie kipande kimoja bila kuunga. Kila kiungo ni mlango wa mbu wa kesho. Fremu ziwe za kutoa na kurudisha, ili wavu uoshwe kwa maji na sabuni, na kipande kikichanika kibadilishwe hicho kimoja tu. Wavu uliopigiliwa misumari moja kwa moja kwenye nguzo, ukichanika, umechanika wote.

Mlango ufunguke kuelekea nje, uwe na springi ya kujifunga wenyewe, na chini pasibaki nafasi ya kupita kidole. Baraza lote la wavu lina nguvu sawa na mlango wake.

Hela zitumwe vipi

Mwambie fundi akuandikie bei katika mistari mitatu: wavu, fremu, ufundi. Akikupa jumla moja tu, hapo hamjaelewana bado. Chukua jumla uigawe kwa akiba yako ya mwezi, sio kwa mshahara. Kama unaweka riyali 40 kwa mwezi na kazi inataka riyali 200, hiyo ni miezi mitano ya maisha yako. Jiulize kama miezi hiyo mitano ungeinunua kwa kitu hicho. Na kama huna bado fedha ya dharura ya tiketi na matibabu, baraza lisubiri.

Ukiamua, hela ya vifaa ilipwe dukani moja kwa moja, kwa lipa namba au kwa ndugu unayemwamini atakayerudisha risiti. Ya ufundi ilipwe kwa awamu: kidogo akianza, nyingine fremu zikisimama, ya mwisho baada ya mlango kujaribiwa. Awamu mbili au tatu zinatosha. Ukitumailisha vipande kumi, makato ya kutuma yatakula hela ya bawaba. Picha zipigwe futi kamba ikionekana. Picha bila kipimo ni ya kupendezesha macho tu.

Pangani sasa hivi

Yule mwenzetu hakubomoa kila kitu. Mwaka uliofuata alianza na madirisha ya chumba cha mama na kuziba uwazi wa juu. Kisha wavu wa mbele, upande wa barabarani, ukaondolewa, vitumbua vikarudi mahali pake. Vipande vilivyokuwa bado vizima vikatumika kufunga pembe moja ya baraza upande wa uani, juu ya ukuta mfupi, pakaenea mkeka na kiti kimoja. Mama anaitumia pembe hiyo jioni na wajukuu. Asubuhi yuko mbele na wateja wake. Lile jiwe siku hizi linazuia kifuniko cha pipa la maji.

Basi kabla hujatuma chochote, piga simu nyumbani. Usimuulize mama, "Nikujengee baraza la wavu?" Atajibu, "Ndiyo mwanangu, Mungu akubariki," na hutajua lolote. Muulize: mama, jioni unakaa wapi? Unakaa na nani? Asubuhi je? Usiku mbu wanakusumbua ukiwa wapi? Majibu ya maswali hayo manne ndiyo ramani yako. Fundi atakuja baadaye.