Anza na Jua, Mti Baadaye

Anayekwenda kununua mche huuliza ni mti gani unakua upesi. Angeanza kwa kujiuliza jua la alasiri linapiga ukuta upi wa nyumba yake.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua huwa juu ya bati, na mti wa uani hauisaidii sana nyumba. Balaa ni la alasiri: ukuta wa magharibi hupigwa mpaka jua lizame, kisha matofali ya saruji huachia joto hilo usiku, watu wakitaka kulala. Desemba na Januari jua huzama kusini kidogo ya magharibi, kwa hiyo mti ukae upande huo. Lakini usiubananishe na msingi. Ikikaribia saa tisa na nusu, kivuli hulingana takriban na urefu wa mti. Mti wa mita 8, ukiwa mita 5 kutoka ukutani, umekwishapandisha kivuli mita 3 ukutani.

Kwangu mimi mwembe ndio wa kwanza. Kivuli chake ni kizito na haubaki mtupu kiangazi. Ule wa mbegu huwa mkubwa mno kwa viwanja vyetu vya mjini. Chukua wa kubebesha, upunguze matawi ya chini mapema ili mkeka upate pa kutandikwa. Usiache matawi yafike juu ya bati, la sivyo msimu wa embe hakuna kulala.

Mwarobaini huvumilia ukame na panga, ila ndege watakupandia mingine hadi kwa jirani. Wakazi wa ufukweni wautazame mkungu, usiojali upepo wa chumvi, mradi wakubali kelele za popo na majani mapana yanayoziba gata. Mkrismasi, pamoja na uzuri wake wote, siupendekezi karibu na nyumba: mizizi yake ya juujuu huinua sakafu ya ua, na matawi hukatika kwa upepo. Miashoki ile mirefu myembamba ni pazia tu. Mikuyu na jamaa zake ikae mbali kabisa na karo la maji taka, maana mizizi yao hufuata maji.

Panda masika yakianza, Machi, mche unywe mvua mpaka Mei. Kiangazi cha kwanza utamwagilia mwenyewe.