Mtoto Anaomba Fedha za Boksi Spana: Tumpe au Tusimpe?

Ndugu msomaji, siku moja baada ya darasa, mama mmoja wa kijiji chetu huku Mkuranga alinifuata. Alikuwa ameshika simu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Mwanangu kaniletea ujumbe. Anaomba shilingi 180,000 anunue boksi spana za nyota. Maneno nimeyasoma mwenyewe, yote nimeyaelewa. Nisichoelewa ni hicho kitu chenyewe. Je, nimpe?"

Fedha alizokuwa nazo mama ni za korosho. Alikuwa amepanga kununua bati. Kijana wake anajifunza ufundi wa magari katika gereji moja ya Tandika, wilaya ya Temeke. Wazazi wengi wa vijijini wana vijana kama huyo. Wengine wako Mbagala, wengine Mwananyamala, wengine Tegeta. Kwa hiyo swali la mama huyu ni letu sote. Hebu tulichunguze.

BOKSI SPANA NI NINI?

Spana ya kawaida hushika nati kwa ubavu. Boksi spana ni kikombe kidogo cha chuma. Huivaa nati nzima kwa juu, kama kofia inavyovaa kichwa. Upande wa pili ina tundu la mraba la kuingizia mpini. Mpini wake mzuri ni ule unaolia ka-ka-ka ukirudishwa nyuma. Fundi hana haja ya kuitoa boksi kwenye nati kila anapozungusha. Kazi ya dakika kumi huweza kumalizika kwa dakika mbili.

Boksi za kawaida ndizo zinazofungua nati za pembe sita. Boksi maalum ni zile zilizotengenezwa kwa kazi moja tu. Ziko za kufungulia plagi. Ziko zenye ufa ubavuni ili waya upite. Ziko zenye meno ya ndani ya kung'olea nati iliyochubuka. Na ziko za nyota, kama alizoomba kijana wetu. Bolti za kichwa cha nyota zilibuniwa Marekani mwaka 1967. Chombo hakitelezi ovyo kwenye kichwa cha namna hiyo. Siku hizi zipo kwa wingi katika magari ya Ulaya.

NAMBA ZINASEMA NINI?

Kila boksi imeandikwa namba. Hapa ndipo faida ya kujua kusoma inapoonekana. Namba 12 maana yake ni milimita 12, yaani upana wa kichwa cha nati. Boksi nyingine zimepimwa kwa inchi, kwa mfano 1/2. Inchi moja ni milimita 25.4. Basi nusu inchi ni milimita 12.7.

Je, boksi ya nusu inchi inaweza kufungua nati ya 12? Itaingia, ndiyo. Lakini itacheza. Nilishuhudia jambo hili kwa macho yangu katika gereji moja. Kijana alikuwa amepoteza boksi yake ya 12. Akachukua ya nusu inchi, akakaza mkono. Boksi ikateleza, pembe za bolti zikalika, bolti ikawa duara. Kuing'oa kukachukua mchana mzima. Mwenye gari akakataa kulipa. Tofauti ya milimita 0.7 ilikula ujira wa siku nzima.

Angalia pia kwamba tundu la mpini hupimwa kwa inchi hata kama boksi ni ya milimita. Ziko tundu za 1/4, za 3/8 na za 1/2. Usichanganye namba ya tundu na namba ya nati.

MAGARI HAYAFANANI

Magari mengi ya Dar es Salaam yametoka Japani yakiwa yametumika. Kwenye magari hayo namba zinazotumika sana ni 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Nati za magurudumu ya Toyota nyingi ni 21. Magari ya Kijerumani ni tofauti. Chukua bolti yenye unene wa milimita 8. Ya Kijapani mara nyingi ina kichwa cha 12. Ya Kijerumani ina kichwa cha 13. Unene ni ule ule, boksi ni mbalimbali. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "seti gani ni nzuri?", uliza kwanza "ni magari gani yanayokuja pale gereji?"

DAFTARI LA MWEZI MMOJA

Nilipokwenda Dar es Salaam kwa shughuli zangu, nilipita Tandika kumwona yule kijana. Nilimkuta chini ya Toyota, amelala juu ya gunia. Nikamwambia, "Mama yako hajakataa. Ila anataka kujua utazitumia mara ngapi."

Akacheka. "Mwalimu, wateja wenye magari ya Kijerumani wanakuja. Nikiwa nazo, nitapata kazi."

"Wanakuja wangapi kwa mwezi?"

Hakujua. Basi tukakubaliana anunue daftari dogo. Kila jioni aandike namba za boksi alizotumia, mstari mmoja kwa kila kazi.

Mwezi ulipokwisha akampigia mama yake simu, akamsomea. Namba 10, 12 na 14 zilikuwa zimejaa mistari. Namba 17 na 21 zilifuata. Boksi ya plagi nayo ilikuwa na mistari ya kutosha. Boksi za nyota? Mistari miwili tu. Na kwa kazi hizo mbili alikodi kwa fundi jirani, shilingi 5,000 kila mara.

TUPIGE HESABU

Mama huyu alikaa na kalamu. Mimi nilikaa pembeni tu.

Bei ya seti ya nyota ni shilingi 180,000. Akiinunua, kijana ataokoa shilingi 5,000 za kukodi kila mara. Sasa 180,000 gawa kwa 5,000 ni kazi 36. Kwa mwezi anapata kazi 2. Basi 36 gawa kwa 2 ni miezi 18. Ni mwaka mmoja na nusu ndipo fedha zirudi! Na hapo hatujahesabu kuibiwa wala kupoteza.

Lakini tusiseme kwamba seti ya nyota ni mbaya. Tuchukue fundi mwingine, tuseme yuko Kinondoni, katika gereji inayotengeneza magari ya Kijerumani. Yeye anahitaji boksi za nyota mara moja kila siku. Kazi 36 atazimaliza kwa muda usiofika miezi miwili. Huyo akikodi kila siku anajipunja. Chombo ni kile kile, bei ni ile ile. Kinachotofautiana ni idadi ya kazi.

Mama akauliza jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: "Hizo namba 10 na 12 anazotumia kila siku, ni zake?"

Tukampigia kijana. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema si zake. Ni za fundi wake, na kila jioni huzirudisha. Siku akiondoka pale, anaondoka mikono mitupu. Alitaka za nyota kwa sababu aliwaona wenzake wanaozimiliki wanaheshimiwa.

Hapo jibu likapatikana. Mama hakutuma fedha za nyota. Alituma fedha za boksi za kawaida kuanzia 8 hadi 21, mpini wake, na boksi moja ya plagi. Bati zilipungua kidogo tu. Za nyota ataendelea kukodi mpaka daftari litakaposema vingine.

UKIFIKA DUKANI

Kwanza, usidanganyike na idadi ya vipande. Sanduku la vipande 100 huweza kuwa na vidude vingi vya bisibisi ambavyo fundi hatavigusa. Hesabu zile utakazotumia.

Pili, kwa kazi ya kawaida chagua boksi yenye pembe 6 ndani. Ile ya pembe 12 ni rahisi kuivalisha, lakini yenye pembe 6 hushika vizuri zaidi nati ngumu au yenye kutu.

Tatu, nenda na nati unayoijua ukajaribu. Boksi ikicheza, iache. Maneno yaliyochongwa kwenye chuma peke yake si ushahidi, maana yeyote anaweza kuyachonga.

Nne, boksi ya plagi inunue mapema hata kama ni maalum. Nyingi zina mpira au sumaku ndani ya kushikilia plagi, ili isianguke na kupasuka kaure yake. Plagi nyingi huhitaji boksi ya 16 au ya 21. Pima kwanza.

Tano, boksi nyeupe zinazong'aa zisifungwe kwenye mashine ya upepo ya kufungulia nati. Zinaweza kupasuka na kuumiza macho. Kazi hiyo ina boksi zake, nene na nyeusi.

Sita, zipake rangi ya alama. Boksi ya 10 ni ndogo, hupotea upesi.

Ndugu msomaji, ukiwa na mafundi wenzako wawili watatu mnaoaminiana, mnaweza pia kuchanga na kununua seti maalum moja ya wote. Andikeni nani kaichukua na lini atairudisha. Haba na haba hujaza kibaba, lakini bila daftari kibaba hicho huleta ugomvi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Seti ni shilingi 120,000. Kukodi ni shilingi 4,000 kila mara. Kazi ni 3 kwa mwezi. Fedha zitarudi baada ya miezi mingapi?

2. Kwa nini boksi ya nusu inchi huharibu nati ya milimita 12?

3. Je, hapa kijijini kuna chombo tunachokitumia kila siku nacho si chetu? Tufanyeje?