Mwanafunzi mkimbiaji na sufuria ya viazi

Jua likishapungua ukali, barabara ya Mtongwe kule Likoni, vichochoro vya Kisauni na viwanja vya Changamwe hujaa vijana waliovaa raba. Wengi wao ni wanafunzi. Wako wanaokimbia kwa ajili ya afya, na wako wanaotumaini kwamba miguu yao itawalipia karo siku moja. Daktari anayetibu katika mitaa hii huwaona vijana hao hao wakija na malalamiko yanayofanana: kizunguzungu, miguu mizito kama iliyofungwa mawe, na usingizi darasani. Ukiwauliza wamekula nini tangu asubuhi, jibu huwa chai ya mkandaa na mahamri mawili.

Mkimbiaji wa masafa marefu huendeshwa zaidi na wanga. Wanga anaokula hugeuzwa kuwa sukari, na sukari isiyotumika mara moja huwekwa akiba katika misuli na ini kwa umbo liitwalo glaikojeni. Ghala hilo si kubwa. Kwa mtu mzima hubeba kiasi cha gramu 400 hadi 500, na mtu akikimbia kwa kasi huweza kulimaliza kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Likiisha, mguu hugoma, hata roho ikitaka kuendelea. Aliyeanza mbio na ghala nusu hugoma mapema zaidi.

Hapa Pwani kuna jambo la ziada. Joto na unyevu wa hewa huufanya mwili uchome akiba hiyo haraka zaidi, mbali na maji na chumvi zinazotoka kwa jasho. Wasomaji watakumbuka mashindano ya dunia ya mbio za nyika yaliyofanyika katika uwanja wa gofu wa Mombasa mwezi Machi 2007. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu mara tano mfululizo, alishindwa kumaliza, na ushindi ukachukuliwa na Zersenay Tadese wa Eritrea. Ikiwa joto letu lilimtoa uwanjani bingwa kama huyo, mwanafunzi aliyeshindia chai atasalimika vipi?

Wanariadha wetu mashuhuri wanajua siri hii. Uchunguzi ulioongozwa na Mkenya, Vincent Onywera, na kutolewa mwaka 2004, ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyopata wakimbiaji hao kutokana na chakula ilikuwa ya wanga, hasa ugali na sukari ya chai. Ugali basi hauna kasoro. Lakini mtu hawezi kuutia mfukoni akakimbia nao, na ukiula saa moja kabla ya mazoezi utausikia tumboni kila hatua.

Hapo ndipo kiazi mbatata kinapopata nafasi yake. Gramu 100 za kiazi kilichochemshwa zina takriban gramu 20 za wanga, protini kidogo, vitamini C, na potasiamu nyingi. Huiva kwa dakika 20 hivi, jambo lenye maana kwa anayepika kwa jiko moja na kuwania feri asubuhi. Isitoshe, viazi hupatikana Kongowea mwaka mzima.

Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapima waendesha baiskeli 12 waliozoea mazoezi. Siku moja walilishwa viazi vilivyopondwa wakiwa njiani, siku nyingine ile sukari nzito ya pakiti inayouzwa kwa wanamichezo, na siku nyingine maji matupu. Waliokula viazi walifanya vizuri sawa na waliokula sukari ya pakiti, na wote waliwashinda wa maji. Walipata gesi na maumivu ya tumbo zaidi kidogo. Kweli, utafiti huo uligharamiwa na wafanyabiashara wa viazi, na watu 12 si wengi, lakini matokeo yake yanaafikiana na tunayoyajua kuhusu wanga.

Je, mwanafunzi afanyeje? Siku ya mbio ndefu, tuseme Jumapili alfajiri, aamke mapema, achemshe viazi na maganda yake ili madini yasiishie majini. Saa mbili kabla ya kuondoka ale viazi vitatu vya wastani vilivyomenywa na kutiwa chumvi, na chai yenye sukari. Mbio zikizidi saa moja na nusu, abebe vidogo vya ukubwa wa yai katika kitambaa safi. Vitatu au vinne kwa saa, vikiliwa kidogo kidogo na maji, vinatosha. Chumvi isisahauliwe, kwani kiazi chenyewe hakina sodiamu ya kutosha, na kunywa maji mengi bila chumvi kuna hatari yake.

Anayekimbia jioni baada ya masomo asibebe viazi vya asubuhi. Chakula kilichopikwa kikikaa katika joto letu zaidi ya saa mbili huwa makao ya vijidudu. Heri ale mlo kamili mchana, viazi au wali kwa maharagwe, kisha ndizi mbivu saa kumi. Viazi vimngoje usiku, pamoja na samaki au kunde za kujenga misuli. Mwenye kufunga Ramadhani akimbie baada ya kufuturu, chakula kikishatulia.

Viazi karai navyo? Najua hili ndilo swali la wengi. Unga na mafuta yake hukaa tumboni muda mrefu, na ukwaju wenye pilipili hauwafai wanaokimbia. Baada ya mazoezi, vichache si dhambi. Kiazi kilichogeuka kijani au kuchipua sana kitupwe, maana kina sumu isiyokwisha kwa kupikwa. Wenye kisukari au ugonjwa wa figo wasianze mlo huu kabla ya kuonana na daktari wao.

Nina wasiwasi zaidi na wasichana. Wako wanaopunguza chakula makusudi wakidhani wepesi ndio kasi, na wengine hukosa tu muda kati ya darasa, kazi za nyumbani na mazoezi. Mwili unaonyimwa chakula huanza kufunga huduma zake: hedhi hukatika, mifupa hulegea na kupata nyufa, damu hupungua. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzidisha upungufu huo kwa kuzuia madini ya chuma, kwa hiyo isubiri saa moja baada ya mlo. Msichana ambaye hedhi yake imekatika miezi mitatu mfululizo, naye si mjamzito, au mwenye maumivu ya mfupa yasiyoisha kwa kupumzika, aende hospitali. Na akifika aseme kwamba anakimbia, na ni kilomita ngapi kwa wiki, kwa sababu katika foleni ndefu za zahanati zetu huenda asiulizwe.