Mshahara Nyuma ya Kwata ya Waholanzi

Askari mwenye bunduki ya utambi, miaka ya 1590, alitisha kwa risasi moja tu. Akishafyatua, alihitaji kama dakika nzima, pengine zaidi, kumimina baruti mtutuni, kutia risasi, kuishindilia kwa ufito, kuweka baruti laini kwenye kisahani na kurudisha utambi unaowaka mahali pake bila kujilipua. Mpanda farasi aliye umbali wa mita 200 angemfikia kabla hajamaliza. Ndiyo maana Wahispania walimkinga mpiga bunduki kwa kundi kubwa la askari wenye mikuki ya takribani mita 5, na kwa mpangilio huo waliwapiga mara nyingi Waholanzi, walioanza kupigania uhuru wao mwaka 1568.

Mwaka 1585, mwaka mmoja baada ya kiongozi wa Waholanzi, Willem wa Orange, kuuawa mjini Delft, mwanawe Maurits wa Nassau alikabidhiwa uongozi wa Holland na Zeeland. Binamu yake Willem Lodewijk, aliyeongoza Friesland, alipenda kusoma vitabu vya kale vya vita. Tarehe 8 Desemba 1594 alimwandikia Maurits barua yenye wazo lililotokana na kitabu cha Aelianus: safu ya mbele ifyatue kwa pamoja, igeuke, ipite katikati ya wenzake hadi nyuma, ikapakie bunduki huko wakati safu ya pili inafyatua. Zikiwapo safu 10, wa kwanza anarudi mbele akiwa tayari, na risasi hazikatiki.

Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Uwanjani linamtaka mtu amgeuzie adui mgongo, atembee bila kukimbia, kisha arudi tena kumkabili. Mmoja akitaharuki, safu nzima inavurugika. Kwa hiyo kombania zilipunguzwa ukubwa, maofisa wakaongezwa, na kila tendo likapewa amri yake, kwa kuwa jeshi la Maurits lilichanganya Waholanzi, Waingereza, Waskoti, Wajerumani na Wafaransa. Mwaka 1607 Jacob de Gheyn alichapisha picha 117 zinazoonyesha hatua moja moja za kushika bunduki na mkuki.

Picha hizo ndizo zilizosifika Ulaya, na wanahistoria wengi huanzia hapo. Mimi naona kiini kilikuwa kwenye daftari la malipo. Askari wa Hispania walikaa miezi mingi bila mshahara. Mwaka 1576 waliuvamia na kuupora mji wa Antwerp, na kati ya 1572 na 1607 waliasi zaidi ya mara 40. Huwezi kumfundisha kwata mtu anayekudai. Waholanzi waligawana mzigo: kila jimbo lilipangiwa kombania zake za kulipa, na Holland, tajiri kwa biashara ya baharini, ilibeba zaidi ya nusu. Aliyelipwa kwa wakati alibaki kambini hata majira ya baridi, akajifunza. Tena alikubali kushika koleo na kuchimba mahandaki kwa malipo ya ziada, kazi ambayo askari wengi wa enzi hizo waliiona ya kuwashushia hadhi. Koleo hilo liliiteka miji mingi, Nijmegen mwaka 1591 na Groningen mwaka 1594 ikiwemo.

Kwata yenyewe isipewe sifa isiyo yake. Huko Nieuwpoort, tarehe 2 Julai 1600, askari wa miguu wa Maurits walipigana kwa saa nyingi mchangani na kuanza kurudi nyuma. Aliyeamua ushindi ni kikosi cha farasi alichokiweka akiba. Baada ya hapo Maurits alikwepa mapambano makubwa ya uwanjani, akaendelea kuizingira miji. Vita vikageuka shindano la nani ataendelea kulipa. Mwaka 1607 Hispania ilishindwa tena kulipa madeni yake, na mwaka 1609 ikatia saini mkataba wa kusitisha vita kwa miaka 12.